Duka la mtandaoni: upange nyumba ya kampuni au ujenge yako?

Wafanyabiashara wengi wa Mandera tayari wanauza mtandaoni, hata kama wenyewe hawaoni hivyo. Picha ya dera jipya inawekwa kwenye status ya WhatsApp asubuhi, mteja wa Elwak anauliza bei, anatuma pesa kwa M-Pesa, na mzigo unapakiwa kwenye gari. Biashara imefanyika. Njia hii haina ada ya mwezi wala haihitaji fundi, na kwa mtu anayeuza vitu vitano au kumi kwa wiki inatosha kabisa.

Shida huanza biashara inapokua. Jumbe zinafika hamsini kwa siku. Mteja mmoja amelipa na hajaletewa mzigo, mwingine ameletewa mara mbili, na hesabu ya mwezi mzima iko ndani ya simu moja ambayo ikipotea, hesabu nayo imepotea. Mteja aliye Nairobi, London au Minneapolis anataka kuona bidhaa zote na bei zake bila kuuliza moja moja. Hapo ndipo mwenye biashara anapoanza kufikiria duka kamili la mtandaoni: tovuti yenye jina lake, orodha ya bidhaa, kikapu cha ununuzi na mahali pa kulipia.

Akiwauliza mafundi, atapata majibu mawili. Mmoja atamwambia achukue Shopify kwa sababu kila kitu kimo ndani. Mwingine atamwambia aweke WordPress na WooCommerce kwa sababu ni bure. Kila mmoja ana sababu zake, lakini wote wawili wanaacha nusu ya habari. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo, gharama zake, na mambo ya kuamua kabla ya kutoa hela. Serikali ya Kaunti haipendekezi kampuni yoyote. Majina yametajwa kwa kuwa ndiyo mtakayokutana nayo.

Aina mbili za programu

Aina ya kwanza ni programu ya kila kitu pamoja. Kampuni moja inakupa tovuti, nafasi kwenye seva zake, ulinzi, kikapu cha ununuzi na ukurasa wa kulipia, nawe unalipa ada ya kila mwezi. Inayojulikana zaidi ni Shopify ya Canada. Waanzilishi wake walitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji, wakakosa programu ya kuwaridhisha, wakaandika yao wenyewe. Mwaka 2006 wakaanza kuwauzia wafanyabiashara wengine programu hiyo badala ya mbao. Wix na Squarespace nazo zimo katika kundi hili.

Aina ya pili ni programu ya kuunganisha vipande. Msingi wake ni WordPress, programu ya bure ya kutengenezea tovuti iliyotolewa mwaka 2003. WordPress peke yake haina duka. Duka huletwa na programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye programu kubwa ili kuiongezea kazi. Programu-jalizi ya duka inayofahamika zaidi ni WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na kununuliwa na kampuni ya Automattic mwaka 2015. Ukitaka kupokea M-Pesa unaongeza programu-jalizi nyingine. Ukitaka duka liwe na kurasa za Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, unaongeza nyingine tena. Nafasi kwenye seva unaitafuta na kuilipia mwenyewe.

Aina ya kwanza ni kama kupanga nyumba. Bomba likipasuka, mwenye nyumba ndiye anayeleta fundi. Lakini hutatoboa ukuta bila ruhusa yake, na mwezi ukiisha kodi ni lazima, uwe umeuza au hukuuza. Aina ya pili ni kama kujenga kwenye kiwanja chako. Unaweka mlango unapotaka, lakini bati likipeperuka usiku wa manane, wewe ndiye utakayetafuta ngazi.

Kwa hiyo hakuna aina iliyo bora kwa kila mtu. La kuamua ni nani atakayebeba kazi ya kulitunza duka, na kazi hiyo italipwa vipi: kwa ada ya kila mwezi, au kwa muda na uangalifu wako.

Neno "bure" lina maana gani

WooCommerce haiuzwi. Unaipakua na kuitumia bila kulipa. Lakini tovuti ni lazima ikae kwenye seva, na seva inalipiwa. Jina la tovuti, ambalo mafundi huliita kikoa, nalo hulipiwa kila mwaka. Majina yanayoishia na .co.ke husimamiwa na shirika la KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wake. Zaidi ya hayo, mtu ambaye si fundi atahitaji fundi wa kulianzisha duka na kulikagua mara kwa mara. Baadhi ya programu-jalizi pia hulipiwa kila mwaka.

Shopify inatangaza bei yake wazi. Mpango wake wa kawaida wa chini, unaoitwa Basic, umekuwa ukitangazwa Marekani kwa dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima kwa pamoja. Angalia bei ya siku unayojisajili, kwani hubadilika. Kuna ada nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka wameanza kuuza. Kampuni hiyo ina mfumo wake wa kupokea malipo, lakini mfumo huo haujafika Kenya. Duka la Kenya likipokea pesa kupitia kampuni nyingine ya malipo, Shopify hukata asilimia 2 ya kila mauzo katika mpango wa Basic. Makato hayo yako juu ya yale ya kampuni ya malipo yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Mandera mjini anauza ubani, asali na hina. Anapata oda 40 kwa mwezi, kila moja wastani wa shilingi 2,000. Mauzo yake ni shilingi 80,000.

Akichukua Shopify kwa dola 39, na dola moja ikiwa shilingi 129, ada ya mwezi ni shilingi 5,031. Asilimia 2 ya mauzo ni shilingi 1,600. Jumla ni shilingi 6,631 kwa mwezi, au shilingi 79,572 kwa mwaka. Akilipia mwaka mzima kwa pamoja, jumla inashuka hadi karibu shilingi 64,000.

Akichukua WooCommerce, tuseme jina la tovuti ni shilingi 1,000 kwa mwaka, nafasi kwenye seva shilingi 8,000 kwa mwaka, fundi wa kulianzisha duka shilingi 25,000 mara moja, na fundi wa kulikagua shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza unagharimu shilingi 64,000. Mwaka wa pili, bila gharama ya kuanzisha, unagharimu shilingi 39,000.

Hizo za fundi na seva ni tarakimu za mfano. Weka bei utakazopewa wewe. Hata hivyo hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, katika mwaka wa kuanza, cha "bure" na cha kulipia vinaweza kukaribiana sana. Pili, asilimia 2 hukua pamoja na biashara. Mauzo yakifika shilingi 300,000 kwa mwezi, asilimia hiyo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 72,000 kwa mwaka. Kwa anayeuza sana, kiasi hicho kinatosha kumlipa fundi na chenji ikabaki.

Usisahau dola. Ada ya Shopify hukatwa kwa dola kutoka kwenye kadi. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Dola 39 zilezile zilikuwa zaidi ya shilingi 6,200 mwezi huo, bila bei ya Shopify kupanda hata senti. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Muhimu ni kuhakikisha kadi ina pesa siku ya kukatwa, kwa sababu ada isipolipwa duka husimamishwa.

Mteja wako analipa vipi?

Kabla ya kuchagua programu, andika kwenye karatasi wateja wako ni akina nani na wanalipa vipi. Kwa Mandera jibu mara nyingi lina sehemu mbili.

Wateja wa Kenya wanalipa kwa M-Pesa. Tangu Safaricom iianzishe Machi 2007, hakuna njia nyingine iliyoizoesha nchi hii kulipa kwa simu kiasi hicho. Duka lisilopokea M-Pesa hapa ni duka lenye mlango uliofungwa. Ndugu zetu walio ng'ambo hulipa kwa kadi za Visa na Mastercard, na wengine kwa PayPal, ambayo tangu mwaka 2018 imeunganishwa na M-Pesa ili pesa ziweze kuhamishwa.

Katika WooCommerce kuna njia mbili za kuweka M-Pesa. Ya kwanza ni kuunganisha Till au Paybill yako moja kwa moja na mfumo wa Safaricom uitwao Daraja, uliofunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya watengenezaji wa programu. Mteja akibonyeza "lipa", ombi la kuweka PIN linatokea kwenye simu yake, na oda hujiandika kuwa imelipwa. Njia hii inahitaji fundi anayeijua kazi. Ya pili ni kupitia kampuni ya kati kama Pesapal, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2009, ambayo hupokea M-Pesa na kadi kwa pamoja, ikakata ada yake na kukukabidhi kinachobaki. Katika Shopify njia ya kawaida ni hii ya kampuni ya kati, na hapo ndipo ile asilimia 2 inapoingia.

Kuna njia ya tatu, rahisi, inayowezekana kote kuwili. Unaandika namba yako ya Till kwenye ukurasa wa kulipia, mteja analipa kutoka kwenye simu yake, nawe unathibitisha oda kwa mkono. Malipo ya mkono ya namna hii Shopify haiyakati asilimia 2. Kwa oda 40 kwa mwezi kazi hiyo inawezekana, lakini kwa oda 40 kwa siku utachoka. Ukiitumia, thibitisha malipo kwenye simu yako mwenyewe au kwenye taarifa ya Till. Usikubali picha ya ujumbe iliyotumwa na mteja, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa unaweza kughushiwa.

Jambo jingine dogo lenye uzito: fomu ya oda. Programu nyingi zimetengenezewa miji yenye namba za nyumba na majina ya mitaa. Mandera mteja atakwambia yuko karibu na msikiti fulani au nyuma ya soko. Hakikisha fomu inamlazimu mteja kuandika namba ya simu na ina nafasi ya kueleza mahali. Mambo haya yanawezekana katika aina zote mbili, lakini ni lazima mtu ayaweke. Kama hayakuwekwa, mwenye tuktuk atazunguka mji mzima na mzigo wako.

Nani anafunga mlango usiku?

Duka la mtandaoni hujaribiwa na wezi kila siku, hata liwe dogo namna gani. Wezi hawa hawana haja ya kulijua jina lako. Programu zao hupita tovuti moja baada ya nyingine zikitafuta mlango uliosahauliwa wazi.

Katika programu ya kila kitu pamoja, milango ya seva hulindwa na kampuni. Kazi yako ni kuwa na nenosiri imara na kutolipa mtu yeyote. Katika programu ya vipande, kila programu-jalizi ni mlango, na kila mlango unahitaji kukaguliwa. Mfano halisi ni wa mwaka 2023. Machi mwaka huo iligunduliwa kasoro kwenye WooCommerce Payments, programu-jalizi ya malipo iliyotengenezwa na wenye WooCommerce wenyewe. Kasoro hiyo ilimwezesha mgeni kujifanya msimamizi wa duka. Marekebisho yalitolewa mwezi huohuo. Lakini Julai, miezi minne baadaye, wavamizi walizishambulia kwa wingi tovuti ambazo bado hazikuwa zimesasishwa. Waliosasisha walisalimika. Dawa ilikuwepo siku zote, ila haikuwa imenywewa.

Kwa hiyo anayechagua WooCommerce achague pia mtu na siku: nani atasasisha programu, na siku gani ya wiki. Asiweke programu-jalizi asizozihitaji. Asitumie za wizi zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram, kwa sababu nyingi huwa zimefichwa mlango wa nyuma. Na kila wiki ahifadhi nakala ya duka zima mahali pengine, mbali na seva ileile.

Kaunti yetu ina vijana waliosomea TEHAMA katika vyuo vya ufundi, na kazi kama hii wanaiweza. Kumpa kijana wa hapa mkataba wa matengenezo ni njia nzuri ya kuzungusha pesa nyumbani. Mkataba uandikwe, hata uwe wa ukurasa mmoja, ueleze atafanya nini, lini, na atakabidhi nini akiondoka.

Mtandao ukikatika Mandera

Wakazi wanajua kwamba mawasiliano katika baadhi ya maeneo ya kaunti yetu hukatika, wakati mwingine kwa siku kadhaa, hasa minara inaposhambuliwa au umeme unapokosekana. Wengi huuliza: je, duka nalo litafungwa?

Halitafungwa. Katika aina zote mbili duka halikai Mandera. Linakaa kwenye seva iliyoko Nairobi, Ulaya au Marekani. Mtandao ukikatika Lafey au Takaba, mteja wa Nairobi bado ataliona duka, atachagua na kulipa. Anayekosekana ni wewe. Oda zitaingia bila mtu wa kuzijibu, na mteja aliyelipa kisha akakaa siku tatu bila neno huanza kuamini ametapeliwa.

Hili linatatuliwa kwa mpango, wala halitegemei aina ya programu. Weka kwenye duka idadi halisi ya bidhaa ulizonazo, ili programu ikatae oda ya kitu kilichokwisha. Andika muda wa kusafirisha ulio wa kweli: mteja aliyeambiwa siku saba akaletewa kwa tano atarudi, na aliyeahidiwa siku mbili akaletewa kwa tano hatarudi. Mpe ndugu au mwenzako aliye Nairobi au Garissa ruhusa ya kuona oda na kujibu wateja unapokuwa nje ya mtandao. WooCommerce huruhusu kumpa msaidizi akaunti yake yenye mamlaka yenye mipaka; katika Shopify hilo hutegemea mpango unaoulipia. Usimpe nenosiri lako.

Kuhusu bando, Shopify na WooCommerce zote zina programu za simu za kusimamia oda. Kusasisha WordPress pia hakumalizi bando lako, kwa kuwa mafaili husafiri kutoka seva hadi seva. Kinachokula bando ni picha unazopandisha, kwa hiyo zipunguze ukubwa kabla ya kuzituma. Mteja wako naye atakushukuru, kwani yeye pia ananunua bando.

Siku ya kuhama

Mfugaji anayejenga aqal hufikiri juu ya siku ya kuhama tangu siku ya kujenga. Fito zinapindwa na mikeka inafungwa kwa namna itakayofunguka haraka na kubebwa na ngamia. Duka la mtandaoni nalo lijengwe hivyo, kwa sababu kampuni hufungwa, bei hupanda, na mafundi huhamia miji mingine.

Mwaka 2014 eBay ilitangaza kuifunga Magento Go, programu ya duka ya kila kitu pamoja. Wenye maduka walipewa hadi tarehe 1 Februari 2015 wawe wameondoka. Hapa Kenya, Sky.Garden ilikuwa soko la mtandaoni ambalo wafanyabiashara wadogo walifungua maduka yao ndani yake. Oktoba 2022 ilitangaza kuwa imeshindwa kuendelea. Ilinunuliwa na Lipa Later, na Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya hali yake ya fedha. Soko la namna hiyo si sawa na programu ya duka, lakini funzo ni lilelile: nyumba ya kupanga ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuondoka.

Shopify hukuruhusu kupakua orodha ya bidhaa, wateja na oda zako kama jedwali. Sura ya duka na maneno ya siri ya wateja hayahami. WooCommerce hukuachia kila kitu, kwa kuwa mafaili na kumbukumbu zote ziko kwenye seva unayolipia mwenyewe, mradi funguo za seva hiyo unazo wewe.

Hapo ndipo hasara kubwa huwapata watu, katika aina zote mbili. Fundi anasajili jina la tovuti kwa jina lake na barua pepe yake. Anafungua seva kwa akaunti yake. Siku mkikosana, au akihama tu na simu yake isipatikane, jina ambalo wateja wamelizoea kwa miaka mitatu si lako tena. Duka unaweza kulijenga upya kwa wiki mbili, lakini jina lililopotea ni vigumu kulirudisha. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, na risiti uiweke pamoja na hati nyingine za biashara.

Sheria zinazoligusa duka

Duka la mtandaoni ni duka mbele ya sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti kumweleza mnunuzi habari muhimu kabla ya kununua, na kumpa nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Bei kamili, gharama ya usafiri na masharti ya kurudisha bidhaa viandikwe wazi.

Majina, namba za simu na anwani za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kanuni za mwaka 2021 huwaondolea wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data wenye biashara nyingi zenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ingawa sekta fulani hazina msamaha huo. Hata asiyetakiwa kujisajili bado anatakiwa kuifuata sheria: usikusanye usichohitaji, usiuze wala kugawa namba za wateja, na ufute mteja anapoomba.

Kuhusu ushuru, mauzo ya mtandaoni huhesabiwa pamoja na ya dukani. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Afisi ya KRA itakueleza kuhusu ankara za eTIMS. Duka la aina yoyote kati ya hizi mbili litakusaidia hapa kuliko WhatsApp, kwa kuwa linaweka hesabu ya kila oda.

Basi uchague lipi?

Kama unauza bidhaa chache kwa wiki, baki na WhatsApp. Fungua WhatsApp Business yenye orodha ya bidhaa, na uweke Till ya biashara ili pesa za duka zisichanganyike na za nyumbani. Hujachelewa.

Kama mauzo ni ya kila mwezi na ya uhakika, huna fundi unayemwamini, na wateja wako wengi wako ng'ambo na hulipa kwa kadi, programu ya kila kitu pamoja inakufaa. Utalipa zaidi, lakini utalala. Ianze kwa malipo ya mwezi mmoja mmoja. Usilipie mwaka mzima kabla ya kuona oda za miezi mitatu.

Kama wateja wako wengi wako Kenya na hulipa kwa M-Pesa, mauzo yanakua, na una fundi aliye tayari kutia saini mkataba, WooCommerce itakupunguzia gharama na kukupa uhuru. Kama fundi huyo hayupo, usidanganywe na neno "bure". Nyumba uliyojenga bila mtu wa kuitunza itaanguka mapema kuliko ya kupanga.

Utakalochagua, kabla hujalipa hakikisha yafuatayo:

1. Jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako, na unajua tarehe ya kulilipia tena.
2. Till au Paybill ni ya biashara yako, na pesa haziingii kwanza kwenye simu ya fundi.
3. Akaunti kuu ya duka na ya seva zimefunguliwa kwa barua pepe yako, na fundi ana akaunti yake ya pembeni.
4. Umejaribu kununua kitu kwenye duka lako mwenyewe, kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, hadi pesa zikafika.
5. Umepakua orodha ya bidhaa na wateja, ukaihifadhi nje ya duka. Rudia kila mwezi.
6. Kuna mtu wa pili anayeweza kujibu wateja mtandao unapokatika.

Mambo haya sita hayana gharama kubwa, na yakitimia, hata ukikosea katika kuchagua programu unaweza kuhama bila kupoteza biashara.